Je, niandike kazi ya ofisini kwa baba kwenye fomu ya mafunzo ya uwakili London?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma shahada ya sheria hapa Uingereza, mwaka wa pili, kwetu ni Dar es Salaam. Tangu Oktoba nimepeleka maombi 31 ya mafunzo ya likizo kwenye ofisi za mawakili wa biashara London. Ofisi 24 zimenikataa bila hata usaili, saba ziko kimya. Wenzangu wameshakaa benki na kwa majaji. Mimi likizo zangu zote ni ofisini kwa baba, wakala wa forodha Kurasini, nikihangaika na makontena. Mwaka jana kontena mbili za vigae za mteja wetu zilikwama siku 19 kwa kuwa hati halisi ya shehena ilichelewa kufika kutoka China. Mimi ndiye niliyewaandikia wakala wa meli, wakapunguza demereji, ile tozo ya kila siku ya kuchelewesha kontena, kwa theluthi. Nikaona mambo hayo hayafai mbele ya wakubwa, nikajaza vilabu vya chuo. Nimekosea? Miezi ile inahesabika kwenye miaka miwili ya kazi ya kisheria inayotakiwa ili mtu awe wakili hapa? Au ni visa tu inayonikwamisha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ulikosea, tena pale pale ulipodhani unajisitiri.

Anayesoma fomu yako asubuhi ile ameshasoma vilabu vya mijadala mpaka macho yamechoka. Anachotafuta ni mtu aliyewahi kuona biashara ikiumia akaelewa kwa nini. Wewe umeiona ikilipishwa kwa siku. Wanafunzi wengi wa mwaka wa pili hawajui tofauti ya demereji ya laini ya meli na gharama ya hifadhi ya bandari. Wewe uliijua kwa kutumwa kulipa vyote viwili.

Halafu tazama masharti ya usafirishaji ya kampuni za meli kama Maersk au MSC, yale ya maandishi ya sisimizi. Ukiondoa mizigo ya Marekani, ugomvi unakwenda Mahakama Kuu ya London kwa sheria ya Uingereza. Maana yake vigae vyako vya Kurasini vingeweza kuishia mezani kwa ofisi hizo hizo unazoziomba.

Isome kesi ya MSC dhidi ya Cottonex. Mwaka 2011 makontena 35 ya pamba yalifika Chittagong, Bangladesh, bei ya pamba imeporomoka, mpokeaji akakataa kuyachukua, na forodha haikuruhusu yaguswe bila amri ya mahakama. MSC wakaendelea kumhesabia demereji aliyetuma pamba, Cottonex, siku baada ya siku, deni likapita dola milioni moja, wakati kontena moja tupu thamani yake ilikuwa dola 3,262. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikasema mita ilisimama tarehe 2 Februari 2012, siku MSC walipojitolea kumuuzia Cottonex makontena yenyewe. Kufikia hapo ilikuwa wazi hayarudi, na mkataba hauwezi kugeuzwa bomba la fedha lisilo na mwisho. Mtu aliyewahi kubembeleza wakala wa meli akiisoma hukumu hiyo anaisikia mwilini. Hicho ndicho wanachokiita uelewa wa biashara, na wengi wanadhani ni kukariri magazeti ya uchumi.

Sasa kwenye fomu usiandike "nilimsaidia baba kazi za ofisi na mawasiliano na wateja". Andika hivi: "Kontena mbili za mteja zilikwama siku 19 kwa sababu hati halisi ya shehena ilichelewa. Niliwaandikia wakala wa meli nikitenganisha siku zilizosababishwa na mteja na zile zilizosababishwa na wao, wakaondoa theluthi ya deni." Kama ndivyo ulivyojenga hoja, lakini. Kama walipunguza kwa sababu baba anafahamiana na meneja, sema kweli, maana kwenye usaili watachimba. Jina la mteja usilitaje popote. Andika "mwagizaji wa vifaa vya ujenzi". Nimewahi kukaa upande wa wasomaji wa fomu, na mwombaji anayemwaga siri za mteja wa baba yake tunajiuliza za kwetu atazimwaga wapi.

Maombi 31 ni mengi mno. Sidhani kama una sababu 31 tofauti. Chagua nane, kumi zikizidi. Kwa historia yako ningeanza na zenye meli na bima: HFW, ambao jina lao limejengwa juu ya meli, na Clyde & Co, ambao wana ofisi Dar es Salaam yenyewe. Jaribio langu ni hili: futa jina la ofisi kwenye aya ya "kwa nini sisi", weka la jirani yake. Kama aya bado inasomeka vizuri, haijaandikwa bado. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilipeleka moja ikiwa na jina la jirani kweli kweli. Walinijibu haraka kuliko wote.

Kitu kingine hukukitaja. Kukataliwa bila usaili mara nyingi ni mtihani wa Watson Glaser, ule wa kompyuta wa kupima namna unavyofikiri, wala si fomu. Una sehemu tano, na inayowaangusha watu wetu wenye uzoefu ni ile ya kupima hitimisho. Kifungu kinasema meli tatu kati ya tano zilichelewa Januari, kisha unaulizwa: uongozi wa bandari ni mzembe? Wewe wa Kurasini unacheka peke yako na kubonyeza "huenda ni kweli". Jibu ni "taarifa hazitoshi". Unapimwa kwa kilichoandikwa pale tu, na unayoyajua ya bandarini uyaache mlangoni. Fanya mazoezi kwa saa mbele yako, siku kadhaa.

Miezi ya kwa baba haihesabiki. Tangu utaratibu wa SQE, yaani mtihani mpya wa kufuzu uwakili, uanze Septemba 2021, miaka miwili ile inaweza kugawanywa sehemu hadi nne, hata nje ya Uingereza, lakini lazima iwe huduma za kisheria na ithibitishwe na wakili wa England na Wales au na msimamizi wa kanuni wa ofisi inayosimamiwa huko. Kuondosha mizigo bandarini si huduma ya kisheria. Ukikaa kwa mawakili Dar likizo ijayo, uliza mapema nani atakayesaini.

Kuhusu visa, likizo za chuo hukuruhusu kufanya kazi muda wote, kwa hiyo mafunzo ya kiangazi si tatizo. Baadaye, kwa mkataba wa mafunzo wenyewe, ofisi itahitaji leseni ya kudhamini wafanyakazi wa nje, na nyingi kubwa wanazo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza huchapisha orodha ya wadhamini. Tafuta jina humo kabla ya kupoteza jioni yako kwenye fomu, na wakiuliza kama utahitaji udhamini, jibu ndiyo.

Zile saba zilizo kimya ziache. Mpigie baba umuulize kama nakala ya barua uliyowaandikia wakala wa meli bado iko kwenye faili. Uisome upya kabla ya usaili wowote, kwa sababu ukiitaja kwenye fomu watakuuliza ilianza na hoja gani.