Kifurushi cha maktaba kiitwe nani kwenye Debian?

SWALI: Nimeandika maktaba ya C, sasa iko toleo la 2.3.0. Nimeipakia yote kwenye kifurushi kimoja cha Debian, nikakiita libhesabu2.3. Lintian, zana ya Debian ya kukagua vifurushi, inalalamika: package-name-doesnt-match-sonames. Toleo si ndilo hilo?

JIBU: Toleo ni lako na watumiaji wako. Debian inaangalia SONAME, yaani jina lililoandikwa ndani ya faili la .so, kwa kuwa ndilo linalotafutwa programu inapowashwa. Litazame:

objdump -p libhesabu.so | grep SONAME

Likitoka libhesabu.so.1, kifurushi ni libhesabu1, hata toleo likifika 9.

Halafu kigawe. Libhesabu1 ibebe faili la maktaba na kiungo libhesabu.so.1, basi. Heda (faili za .h zinazotangaza fankisheni), kiungo libhesabu.so kisicho na namba na faili la pkg-config, linaloelekeza namna ya kuiunganisha maktaba, viende libhesabu-dev, kifurushi cha wanaojenga programu. Namba ya SONAME ikipanda, libhesabu1 na libhesabu2 zitalazimika kukaa pamoja kwenye mashine moja mpaka programu zote zijengwe upya. Ukiziacha heda ndani ya libhesabu1, dpkg, kisakinishi cha Debian, itagoma kusakinisha libhesabu2, maana faili moja haliwi na wenyewe wawili.

Namba hiyo usiipandishe ovyo. Ukifuta fankisheni, ukibadili vigezo vyake au ukubwa wa struct iliyo wazi kwa watumiaji, pandisha. Ukiongeza fankisheni tu, iache. Andika nyongeza kwenye debian/libhesabu1.symbols, na zana ya dpkg-shlibdeps itajua kila programu inahitaji angalau toleo gani. Tena namba mpya huleta jina jipya la kifurushi, nalo hupita foleni ya NEW, ambako hukaguliwa na binadamu, na foleni hiyo haina haraka na mtu. Watumiaji wa libtool, zana ya kujengea maktaba, ndio hunaswa zaidi: wanaandika 2:3:0 kwenye -version-info wakidhani ni toleo, kumbe wameshaitangaza libhesabu.so.2.

Utakutana na majina yasiyofuata kanuni hii. Debian 13 ina libssl3t64 ilhali SONAME bado ni libssl.so.3: time_t, aina ya data ya C inayotunza muda, ilipanuliwa kuwa biti 64 kwenye mashine nyingi za biti 32 ili zivuke mwaka 2038, na vipimo vya ndani vikabadilika bila mwandishi kugusa msimbo. Maktaba yako ni mpya. Mkia huo wa t64 usiuige.