Maswali Yenu ya Gari: Maji ya AC yanaingia ndani

SWALI: Salam alaikum fundi. Nina pikapu ya zamani haikuja na AC, mwaka huu nikafungisha ile ya chini ya dashibodi hapa hapa Malindi. Baridi iko sawa kabisa, shida ni maji. Nikienda Kilifi, nikifika karpeti ya upande wa abiria imelowa chapachapa, na nikikata kona maji yanamwagikia mke wangu miguuni. Fundi aliyenifungia asema gesi inavuja, ashaongeza tena lakini wapi. Nifanyeje? (Msomaji, Barani)

JIBU: Waalaikum salam ndugu yangu. Kwanza usilipie gesi tena. Gesi ikivuja haiachi maji, inapotea hewani na baridi inapungua, na wewe baridi unayo. Hayo maji yametoka kwenye hewa unayovuta hapo Malindi, hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu, sasa ikipita kwa ile koili ya baridi, yale mabomba membamba ndani ya boksi la AC, unyevu unageuka maji kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwa friji. AC nzima kabisa lazima itoe maji, na mwezi wa tatu na wa nne hivi joto likipanda yanatoka mengi. Kwa hivo swali ni moja tu, njia yake ya kutokea iko wapi?

Chini ya koili kuna trei, na trei ina tundu lenye mpira unaotoka nje kupitia sakafu ama ukuta wa injini. Ingia chini ya dashibodi na tochi uufuate huo mpira kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. AC za kufungisha nyingi zinaharibikia hapo, manake fundi anamaliza akili yote kwa kompresa na gesi, mpira wa maji anaupitisha popote penye nafasi, unapanda juu ya waya halafu ndo unashuka, na maji hayapandi mlima, yanasimama hapo trei inajaa, ukikata kona yanaruka. Mpira ushuke tu njia yote, usiminywe wala kukunjwa. Angalia na boksi lenyewe, kama limefungwa limeinamia upande usio na tundu basi hata mpira mpya hautakusaidia, lilegezwe lilazwe vizuri.

Mpira ukiwa sawa, angalia ncha yake huko chini. Ikitazama mbele, ukikimbia barabara kuu upepo unaingia na kurudisha maji ndani, kwa hivo ikatwe mshazari itazame nyuma. Halafu kuna boksi ambazo feni inavuta hewa kupitia koili badala ya kuisukuma, hizo zinanyonya hewa kwa huo huo mpira na maji yanakwama mpaka uzime feni ndo yashuke yote pamoja. Dawa yake ni kakona ka U huko chini nje ya gari, kashike maji kidogo kazibe hewa. Na kama imekaa bila kutumika, nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga ndani ya mipira kama hiyo, zibua na waya laini polepole, usipulize kwa presha kubwa ya gereji, mpira utachomoka huko ndani na usijue.

Kitu kingine, ukiwa safarini upepo wa AC unapungua pole pole halafu ukizima maji yanamwagika mengi? Basi koili inashika barafu, na mara nyingi hiyo ni sensa ya thamostati, ile inayopima baridi, haikuchomekwa vizuri kwenye koili. Pia lile paipu nene la baridi livalishwe sponji nyeusi, likiwa wazi linatona lenyewe. Maji yakiwa na rangi, yanateleza na kunuka utamu, hayo si ya AC, ni ya rejeta yanavuja kwa hita.

Ukimaliza, egesha mahali tambarare, washa AC robo saa, uchungulie chini. Yakitona nje, shukuru. Na karpeti itoe yote uianike, tafadhali usiachie ikaukie ndani, na chumvi hii ya bahari sakafu inaoza kutu chini chini, siku ukigundua imeshatoboka.

SWALI: Fundi, matatu yangu ina AC ya juu darini, nikiegesha mahali pa mteremko inawatonea abiria wa upande mmoja. (Watamu)

JIBU: Hiyo imewekewa mpira wa upande mmoja peke yake. Boksi la darini lataka mipira miwili, kushoto na kulia, inashuka ndani ya nguzo za bodi mpaka chini, ndo gari likiinama huku ama kule maji yana pa kutokea. Mwambie fundi wako afungue darini aongeze wa pili, na kabla hajarudisha kifuniko amwage kikombe cha maji kwenye trei mbele yako uyaone yanatoka pande zote mbili.