Maswali na majibu: Sari van Veenendaal, kipa bora wa dunia aliyetokea benchi

Wiki iliyopita nilimtaja Sari van Veenendaal wa Uholanzi miongoni mwa makipa wa kike ninaowaheshimu mno. Maswali yamekuja mengi, nimechagua machache.

Ulisema mwaka 2019 alikuwa kipa bora duniani ilhali klabuni alikuwa akikaa benchi. Iliwezekanaje? (Msomaji, Morogoro)

Ndivyo ilivyokuwa, dada. Sari alikuwa Arsenal tangu 2015. Kabla ya msimu wa 2018/19 klabu ikamleta Mfaransa Pauline Peyraud-Magnin, na mechi nyingi za ligi Sari akazitazama akiwa amevaa koti la akiba. Arsenal wakatwaa ubingwa wa England, naye akaaga.

Mwezi uliofuata akaiongoza Uholanzi kwenye Kombe la Dunia nchini Ufaransa, kitambaa cha unahodha mkononi. Walishinda mechi sita mfululizo, ikiwemo nusu fainali dhidi ya Sweden iliyoamuliwa na bao moja la Jackie Groenen katika muda wa nyongeza, baada ya dakika 90 kuisha. Kisha fainali, Lyon, Julai 7, dhidi ya Marekani.

Hapa naomba tusimame kidogo. Katika mechi zote sita za awali Marekani walikuwa wamefunga ndani ya dakika 12 za mwanzo. Kwa Sari hawakupata kitu kipindi kizima cha kwanza. Mashuti ya karibu, vichwa, mipira ya Alex Morgan: vyote alivipangua. Ilibidi ije penalti, tena iliyotolewa baada ya mwamuzi kutazama marudio ya video (VAR), ndipo Megan Rapinoe akafungua lango dakika ya 61. Rose Lavelle akaongeza la pili na ikaisha 2-0. Sari alipewa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya kipa bora wa mashindano, na Septemba, mjini Milan, akawa mwanamke wa kwanza kupokea tuzo ya FIFA ya kipa bora wa mwaka. Wakati huo alikuwa tayari Atlético Madrid.

Mtu akikwambia kipa asiyecheza klabuni hafai timu ya taifa, mwoneshe fainali ile.

Alianzia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Alizaliwa Nijmegen mwaka 1990. Ligi kuu ya wanawake ya Uholanzi ilianza 2007, naye akawa FC Utrecht tangu msimu huo wa kwanza. Mwaka 2010 akahamia FC Twente, na kutoka hapo akaenda London.

Ana kombe lolote na timu ya taifa? (Msomaji, Nakuru)

Analo, na ni kubwa: Ulaya 2017, wakiwa wenyeji. Walishinda mechi zote sita, na Sari alifungwa mabao matatu tu. Fainali waliwalaza Denmark 4-2 mjini Enschede, kwenye uwanja wa Twente, klabu yake ya zamani. Lilikuwa taji la kwanza kubwa la wanawake wa Uholanzi.

Sisi huku tunakumbuka Zambia walifungwa 10-3 na Uholanzi kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kipa bora gani anafungwa matatu na timu iliyolala hivyo? (Msomaji, Lubumbashi)

Kaka, sifa hapo mpe Barbra Banda. Mabao yote matatu ya Zambia ni yake, na mechi iliyofuata akafunga mengine matatu dhidi ya China. Uholanzi ile ilicheza ikiwa imepanda mbele mno, ndiyo maana ilifunga kumi, na nyuma iliacha uwanja mpana kwa mshambuliaji mwenye mbio kali. Kipa akibaki peke yake na Banda, kwa kweli hana la kufanya. Tatizo hilo la ulinzi halikuishia hapo: mechi ya pili walitoka 3-3 na Brazil, na robo fainali wakatolewa na Marekani kwa matuta baada ya sare ya 2-2.

Kwa nini aliacha mpira akiwa na miaka 32 tu? Na mimi nafundisha timu ya wasichana, nina makipa wawili. Nimfanyeje wa pili? (Kocha, Mbeya)

Mwalimu, maswali yako mawili yana jibu moja. Julai 2022, mechi ya kwanza ya Ulaya dhidi ya Sweden mjini Sheffield, Sari, wakati huo akiwa PSV, aligongana na mwenzake Aniek Nouwen wakiwania mpira wa juu. Akaumia bega na kutoka kabla ya nusu saa. Mwezi huohuo akatangaza kustaafu.

Aliyeingia ni Daphne van Domselaar wa Twente, ambaye wengi nje ya Uholanzi hawakuwa wakimjua. Robo fainali aliwazuia Ufaransa dakika 90 bila bao, mpaka penalti ya muda wa nyongeza. Mei 2025 alikuwa langoni Arsenal walipoifunga Barcelona 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa.

Kwa hiyo wa pili mpe mechi, si mazoezi pekee. Mpange kwenye kombe, mpange kwenye mechi za kirafiki ngumu, tena dakika zote 90. Mwambie mapema ni mechi zipi, ajiandae. Na krosi azidake akiwa na mabeki walewale wa kikosi cha kwanza, wazoeane sauti, maana siku atakayoitwa ghafla hakutakuwa na muda wa kupanga nani anaufuata mpira.