Usemi wa Taarifa wa Kiingereza kwa Anayejua Kifaransa: Kipimo Kiko kwenye Kiswahili

Msomaji mmoja Mrundi anayesoma hapa Dodoma ameniandikia kwamba kila zoezi lake la usemi wa taarifa, yaani kuripoti maneno ya mtu mwingine, linarudi na wino mwekundu, na anaambiwa arudie nyakati. Ndugu yangu, nyakati si ugonjwa wako.

Sisi Waswahili ndio tunaohangaika na nyakati, maana lugha yetu, inaporipoti, hairudishi kitenzi nyuma kwenye wakati uliopita: "Alisema amechoka," yakaisha. Kifaransa hurudisha, tena karibu sawa na Kiingereza. "Il a dit qu'il était fatigué" ni "He said he was tired". "Il a dit qu'il viendrait" ni "He said he would come". Sura hiyo unayo tayari kichwani.

Unakoteleza ni kwenye kitenzi cha kuripoti. Kifaransa kinatosheka na "dire". Kiingereza kina "say" na "tell", na hapo ndipo linapozaliwa kosa la "He said me". Kiswahili ulichokizoea Soko la Majengo kitakuokoa: "say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Hakuna asemaye "alinisema kwamba amechoka", ni "aliniambia". Tena kuambia hakukubali kukaa bila mtu: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. "Tell" ni hivyohivyo, inadai mtu papo hapo: "He told me he was tired". Ukitaka "say" na mtu, weka "to" katikati: "He said to me". Kwa hiyo kabla hujaandika, isemee sentensi kwa Kiswahili. Ikija "alisema", andika "said". Ikija "-ambia", andika "told". Zoeza hili peke yake, sentensi kumi kwa siku, kabla ya mengine yote.

Jambo jingine linaloharibu kazi nyingi: "il a dit" kwa umbo inafanana na "he has said", lakini kwenye taarifa ya jambo lililopita iandike "said". Ukiandika "He has said that he was tired", msomaji anaelewa kwamba uchovu wenyewe ulikuwa wa zamani, kabla ya maneno yake.

Kwenye maswali, Kifaransa kinaruhusu "Il m'a demandé où était la gare". Kiingereza kinakataa mpangilio huo. Kiima hutangulia: "He asked me where the station was". "Do" na "did" za kuulizia zinaondoka: "Do you sell grapes?" inakuwa "She asked if I sold grapes". "Ce que" ni "what" tupu: "He asked what I wanted".

Amri ni nyepesi. "De" inakuwa "to", na "de ne pas" inakuwa "not to": "He told me not to close the door". Hapa Kiswahili usikifuate, kwani "aliniambia nisifunge" itakuvuta uandike "that I not close".

"Demander à" inapoteza "à" yake: "asked me". "Expliquer" ni kinyume: "explained to me", kamwe si "explained me".

Maneno ya muda nayo: "le lendemain" ni "the next day", "la veille" ni "the day before". Usiandike "the eve". Hiyo ni ya mkesha, kama wa Krismasi. Na "two days ago" ikiripotiwa inakuwa "two days before".