Toa akaunti ndani ya NAS, lakini bakisha ufunguo mmoja

Ofisi yenye NAS tatu (masanduku ya diski yanayotunza mafaili ya ofisi kwenye mtandao), moja Mji Mkongwe, moja hoteli ya Paje na moja tawi la Chake Chake, huwa na orodha tatu za majina. Masika yakiingia hoteli inapunguza watu. Mhasibu wa msimu anafutwa kwenye NAS moja, zile mbili zinaendelea kumfungulia mpaka mtu akumbuke.

Dawa ni kuinyang'anya NAS kazi ya kutambua watu. Yenyewe itunze mafaili. Swali la "huyu ni nani?" ijibu seva moja ya saraka, yaani kompyuta inayotunza orodha moja ya majina na maneno ya siri ya watu wote. Inaweza kuwa Windows yenye Active Directory, au Linux yenye programu ya Samba, ambayo tangu toleo la 4.0 la Disemba 2012 inaifanya kazi hiyo bila leseni ya kulipia. NAS za Synology, QNAP na TrueNAS zote zinakubali kuungwa na seva hiyo.

Utaratibu wake, yaani Kerberos, ni kama barua ya sheha. Ofisi uliyokwenda haikujui, ila inaujua muhuri. Mfanyakazi anajitambulisha kwa seva mara moja asubuhi, anapewa tiketi, na NAS inaitazama tiketi bila kuliona neno lake la siri. Kwenye Active Directory tiketi hiyo kwa kawaida hudumu masaa 10.

Anza na DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye mipangilio ya mtandao ya NAS andika anwani ya seva ya saraka, si ya ruta wala 8.8.8.8 ya Google. Google haikijui kikoa chako cha ndani (jina la mtandao unaosimamiwa na seva ya saraka), kwa hiyo NAS itatafuta seva na kuambiwa haipo.

Kisha saa. Kerberos kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Umeme ukikatika, NAS ambayo betri yake ya saa imekufa huamka na tarehe ya zamani. Kompyuta za watu mara nyingi hazitaji saa, zinaomba neno la siri upya, na fundi anashinda asubuhi nzima akibadilisha maneno ya siri yasiyo na kosa. NAS ichukue saa kwa seva ya saraka, na seva ichukue nje.

Baina ya Unguja na Pemba pitisha kila kitu ndani ya VPN (njia ya siri juu ya intaneti), zikiwemo poti, yaani milango ya mtandao, 53, 88, 123, 389, 445 na 464. Usizifungue kwenye intaneti ya wazi hata kwa siku moja ya majaribio.

Jambo linalouma zaidi huonekana baada ya wiki kadhaa. Ndani ya NAS yenye Linux kila mtu ni namba. Ukiiacha Samba iliyomo ndani ya NAS ijigawie namba kwa mtindo wa tdb, Asha anaweza kuwa 10001 Unguja na 10007 Chake Chake, kwa vile zinatolewa kwa kufuata aliyetangulia kuingia. Siku ukinakili folda kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) kwa kufuata namba, mafaili ya mshahara yanafika Pemba yakiwa ya mtu mwengine. Tumia mtindo wa rid, unaoitoa namba kutoka kwenye namba ya mtu iliyomo kwenye saraka, masafa yaleyale ya namba pande zote, mfano 100000 hadi 999999, na uyaweke kabla ya faili la kwanza kuandikwa. Kisha linganisha: amri ya "id" kwa jina lilelile itoe namba ileile kwenye NAS zote.

Ruhusa za folda wape makundi, usimpe mtu mmoja mmoja. Akaunti za zamani za ndani zizime kwanza, usizifute. Mafaili mengi bado yanazitambua kama wenyewe.

Sasa mawasiliano ya Unguja na Pemba yakikatika? Tawi zima litakaa nje ya mlango. Weka seva ya pili ya saraka Chake Chake. Kwa watu ishirini au thelathini mashine ndogo yenye RAM ya GB 4 na Samba inatosha. NAS ya huko iulize ya jirani kwanza, ya Unguja baadaye. Zote ziwe juu ya UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na seva itangulie kuwaka. Anayeikumbuka Unguja ya Mei 2008, umeme ulipopotea karibu mwezi mzima, haoni hii kuwa anasa.

Kila NAS ibaki na akaunti moja ya ndani ya msimamizi. Neno la siri liwe la herufi 20 au zaidi, kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu. Lijaribiwe kila miezi mitatu, na bahasha ikifunguliwa libadilishwe.

Na diski ya seva ya saraka usiiweke ndani ya NAS inayoitegemea seva hiyohiyo. Umeme ukirudi kila mmoja atamsubiri mwenzake, na ile bahasha ndiyo itakayokutoa.

NAS ya bekapu ndiyo pekee isiyoungwa kabisa. Mwizi akishapata akaunti ya msimamizi wa kikoa, kila kilichoungwa ni chake, na cha kwanza atakachofuta ni nakala zako. Hiyo iache na orodha yake, majina mawili tu, maneno ya siri yasiyotumika popote pengine.