Maswali ya Wasomaji: Sufuria Moja kwa Watoto Wote

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: chakula cha mchana katika shule za msingi za serikali hapa Dar es Salaam, hasa kwa mtoto ambaye nyumbani hawana cha kuchangia. Tumechagua sita.

Nina watoto wawili shule ya msingi. Kila siku nasikia elimu ni bure, lakini tumeambiwa tuchangie chakula shilingi 400 kwa siku kwa kila mtoto. Mimi nauza mihogo ya kukaanga. Kuna siku napata, kuna siku narudi na beseni limejaa. Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la pili aliachwa darasani wenzake wakila. Hivi serikali haitoi fedha ya chakula?
*Mama, Mbagala*

Pole sana, mama. Kinachoitwa elimu bure ni Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kazi Januari 2016. Uliondoa ada na michango ya lazima. Chakula cha wanafunzi wa bweni kinalipwa na serikali, lakini cha mtoto wa kutwa, pamoja na sare na madaftari, kiliachwa kwa mzazi au mlezi. Shule hupewa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku 194 za masomo unapata kama shilingi 51 kwa siku, na humo humo kuna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Sahani ya chakula haitoki hapo.

Hata hivyo, mchango wa chakula ni makubaliano ya wazazi, si ada. Mtoto harudishwi nyumbani wala hatolewi darasani kwa sababu yake. Na kumwacha mtoto wa darasa la pili akisikia vijiko vya wenzake ni kosa, hata kama hakuna karatasi yoyote iliyokiukwa.

Fanya hivi. Nenda kwa mwalimu mkuu, umweleze kipato chako kilivyo, na uombe kulipa kwa wiki badala ya mwezi. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, sema. Hiyo inakuondolea maelezo mengi. Kama haimo, mwone mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, akuandikie barua fupi ya utambulisho kwa kamati ya shule. Kamati ikikaa kimya, nenda kwa mtendaji wa kata, na ofisi ya ustawi wa jamii nayo iko kwa ajili ya mambo kama haya. Usiache kwenda kwa sababu ya aibu. Anayeumia ukikaa kimya ni mtoto.

Shule yetu ina wanafunzi 600, na kama 90 kati yao hawawezi kulipa kabisa. Wazazi wanaolipa wanauliza kwa nini wawalipie watoto wa wengine. Kuna waliopendekeza kadi: kijani kwa aliyelipa, nyekundu kwa wa msamaha. Tufanyeje?
*Mjumbe wa kamati ya shule, Chanika*

Ndugu, kadi nyekundu hiyo ichaneni leo. Mtoto akishajulikana kwa wenzake kuwa ndiye wa msamaha, ataanza kusema hana njaa, na mwishowe mtakuwa mmepika chakula ambacho mlengwa wake amejificha chooni hadi kengele igongwe. Foleni iwe moja, sahani ziwe za aina moja, na sufuria isijue nani kalipa. Suala la malipo limalizwe na watu wazima, kwenye daftari, mbali na macho ya watoto.

Hesabu yenyewe haitishi kama mnavyodhani. Chukua makande. Kwa mtoto mmoja wa msingi weka mahindi yaliyokobolewa gramu 100, maharage gramu 40, mafuta gramu 7 na chumvi yenye madini joto gramu 3. Hapo anapata kama kilokalori 550 na protini gramu 17 hivi. India, ambako serikali inalipia chakula cha shule kwa mamilioni ya watoto, kiwango cha madarasa ya chini ni kilokalori 450 na protini gramu 12, kwa hiyo hamko nyuma.

Kwa watoto 600 mnahitaji mahindi kilo 60, maharage kilo 24, mafuta lita 4 na nusu na kidogo, na chumvi kilo 1.8 kwa siku. Bei mtaulizia wenyewe sokoni Tandale, lakini kwa mfano wa hesabu tu, mahindi yakiwa shilingi 1,000 kwa kilo, maharage 2,500 na mafuta 6,000 kwa lita, sahani moja inakuja shilingi 250. Ongezeni 80 za nyanya, vitunguu, nishati na mpishi, iwe 330.

Sasa wale 90. Mara 330, ni shilingi 29,700 kwa siku. Zigawe kwa 510 wanaolipa: kila mmoja anaongeza shilingi 58. Hiyo ndiyo gharama ya "kuwalipia watoto wa wengine", na haifiki bei ya kipande cha muhogo getini. Kwa hiyo tangu mwanzo pangeni mchango wa 400, na kwenye mkutano wa wazazi onyesheni hesabu hii ubaoni, mstari kwa mstari. Wazazi wengi hugomea wanachofichwa, si kile cha kusaidia. Kumbukeni pia kwamba anayelipa leo akivunjika mguu kwenye bodaboda mwezi ujao, mtoto wake ndiye atakayekuwa wa 91.

Orodha ya msamaha itokane na vyanzo zaidi ya kimoja: walimu wa madarasa, wenyeviti wa mitaa na orodha ya TASAF. Walioishika wawe wawili tu, mwenyekiti wa kamati na mwalimu mmoja, na ipitiwe upya kila muhula. Wasilete majina mbele ya mkutano mkuu hata mara moja.

Jambo linaloangusha shule nyingi za hapa mjini ni kuiga utaratibu wa mikoani. Kule mzazi huvuna na kuleta debe zake za mahindi mara moja kwa mwaka. Dar mtu anaishi kwa kipato cha siku. Ukimwambia alete 77,600 za mwaka mzima hazipatikani, lakini 2,000 kila Ijumaa anaweza. Pokeeni kwa wiki, kwa simu kwenda akaunti iliyokubaliwa, na kila mlipaji apewe risiti. Walimu wasishike fedha. Tangu Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, mwalimu anayeonekana na noti za wazazi mkononi anajitafutia matatizo, na ni haki yake kukwepeshwa nayo. Kamati ya wazazi ikusanye, inunue, na ibandike mapato na matumizi ukutani kila mwisho wa mwezi.

Nairobi wana utaratibu mzuri wa kuangalia. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, unamtaka mzazi atoe shilingi 5 za Kenya kwa sahani na kaunti inaongeza 25. Mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa chakula. Bangili ni ya namna moja kwa wote, na jirani kwenye foleni hawezi kujua nani kaiwekea salio.

Maharage yetu hayaivi. Tunachemsha tangu saa kumi na moja alfajiri, saa sita bado magumu, na kuni zimekwisha. Wengine wanasema tutie magadi.
*Mpishi wa shule, Gongo la Mboto*

Dada, tazama mambo mawili: umri wa maharage na maji unayotumia. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu huwa na ganda lisilopitisha maji vizuri, na hayo utayachemsha hadi uchoke. Kamati inunue kidogo kidogo, ya mwezi mmoja au miwili, badala ya shehena ya mwaka.

Maji ndiyo wengi hawayafikirii. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo hukaza ganda la maharage. Maji ya DAWASA yakitoka, jaza mapipa na uyatenge kwa ajili ya maharage tu. Ya kisima yaoshe vyombo.

Loweka kuanzia jioni, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, maji yawe mara tatu ya maharage. Asubuhi mwaga maji hayo. Yachemshe kwa nguvu, yatokote kweli kweli kwa nusu saa, ndipo upunguze moto na ufunike. Usianze na moto mdogo ukadhani unabana matumizi: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kutokota tu, na yakibaki nusu mabichi watoto hutapika ndani ya saa chache. Chumvi na nyanya viingie yakiwa yameshalainika. Mahindi yaloweke kwenye chombo chake, yatangulie jikoni, maharage yafuate.

Magadi hulainisha, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, na mtoto anayekula mlo mmoja wa maana kwa siku hana vitamini za kupoteza. Tuyaache.

Uji wa shule ni mwepesi kama maji ya mchele. Unga tunatoa wa kutosha. Unaenda wapi? Na wengine wanataka tununue unga wa lishe wenye "vitu kumi na viwili".
*Baba wa watoto watatu, Kigamboni*

Pengine hauendi popote. Watoto wameongezeka, na mpishi ameongeza maji. Kipimo cha haki ni unga gramu 50 na uji uliokwisha iva mililita 400 kwa mtoto. Watoto 600 ni unga kilo 30, sukari kilo 6, na uji lita 240.

Tafuteni ufito mnyoofu. Mwageni maji kwenye sufuria tupu kwa ndoo ya lita 10, na kila ndoo ikiingia kateni alama kwenye ufito kwa kisu. Kila sufuria iwe na ufito wake. Asubuhi mjumbe wa kamati anauchovya, anasoma lita, anauliza unga ulioingia ni kilo ngapi, basi. Kikombe cha kugawia nacho kiwe kimoja chenye mstari wa mililita 400, na mpishi akoroge kutoka chini kila anapochota. La sivyo wa mbele wanakunywa maji na wa nyuma wanapata ugali.

Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, ndipo uingie kwenye yanayochemka. Hapo hakuna mabonge.

Mmetaja pia unga wa lishe wenye "vitu kumi na viwili". Hatuushauri. Soya isiyopikwa vizuri huzuia mwili kutumia protini, karanga zilizosagwa zikakaa hugeuka uchachu na ni rahisi kubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kitu kimoja kikiharibika kinaharibu gunia zima. Chukueni unga wa mahindi ulioongezewa virutubishi, au mahindi na ulezi, na karanga zilizochambuliwa na kukaangwa zitwangwe siku hiyo hiyo ya kupika.

Tuna zamu mbili, asubuhi na mchana. Tupike mara ngapi?
*Mwalimu, Temeke*

Mara mbili, mwalimu, chakula kidogo kidogo. Uji saa nne kwa zamu ya asubuhi, na sufuria mpya saa tisa alasiri kwa zamu ya mchana. Kilichoiva saa nne hakisubiri hadi tisa kwenye joto hili la Dar. Chakula kikikaa zaidi ya muda wa saa mbili bila kuwa cha moto kabisa, kimekuwa shamba la vijidudu. Kuhusu nishati, anzeni kupanga gesi sasa. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimeshapigwa marufuku kuni na mkaa.

Stoo yetu ni chumba cha nyuma ya ofisi, hakina dirisha. Tunapokea gunia 30 kwa mara moja. Tuangalie nini?
*Mtunza stoo, Ubungo*

Kwanza mizani. Gunia linaloitwa la kilo 100 lipimwe, kila moja, mbele ya aliyeleta, na uandike uzito uliouona, si ulioambiwa.

Pili unyevu. Mahindi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5. Kama huna kifaa, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yarudishe. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoota ukungu wa sumukuvu, uliowaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Punje zilizovunjika, zilizooza au zenye rangi ya kijani zichambuliwe na kutupwa, zisiende hata kwa kuku.

Gunia zikae juu ya chaga, zisiguse ukuta, na fundi atoboe tundu mbili za hewa zenye wavu wa panya, moja chini na moja juu ya ukuta unaotazamana.

Na dawa ya wadudu, dawa ya panya au chombo kilichowahi kubeba dawa kisiingie humo kamwe. Mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na kiuatilifu. Mafuta yapokelewe kwenye dumu jipya lililofungwa kiwandani, lifunguliwe mbele ya mpishi, na dumu likiisha litobolewe ili mtu asije akalitumia tena. Kabla ya watoto kuhudumiwa, mtu mzima mmoja aonje, na jina lake na saa viandikwe kwenye daftari la jikoni. Akisikia ladha au harufu ngeni, sufuria inamwagwa siku hiyo, hata kama foleni imeshapangwa.