Chupa Mbili za Maji kwa Dola 2,150

Juzi kijana mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia ujumbe saa tano usiku: "Kaka, skripti yangu inatuma barua pepe vizuri tu, ila zikifika maneno yamebanana kama abiria wa Noah. Nimeweka \n kila mahali. Nifanyeje?" Skripti ni programu fupi, na hiyo \n ni alama ya kuanza mstari mpya. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata. Swali hilohilo liliwahi kuniponza hapa Moshi, na sijawahi kulisimulia lote.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, najiona mhandisi. Mama mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani akanipa kazi: mgeni akijaza fomu kwenye tovuti, skripti imtumie barua yenye ratiba ya siku zake saba, vitu vya kubeba na gharama. Tukapatana laki mbili na nusu. Akanipa laki na nusu ya kuanzia, nikalipa chumba changu Majengo, nikakaa chini kuandika.

Barua nikaijaribu kwenye kile kidirisha cheusi cha kompyuta. Siku ya 1, Lango la Machame. Siku ya 2, Shira. Siku ya 3, Lava Tower, kisha kushuka Barranco. Kila siku na mstari wake, mpaka Uhuru, mita 5,895. Ilipendeza. Nikampigia mama nikamwambia kazi imekwisha. Sikujitumia hata barua moja kwenye simu yangu mwenyewe. Rudia kusoma hiyo sentensi, kwa sababu nusu ya ushauri wangu wa leo imo humo.

Wiki ya pili nikaitwa ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Akasukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa barua ya mgeni, ameichapisha. Aya moja tu, kuanzia karibu mpaka asante. Siku zote saba zimemezana, Karanga imefuatana na Barafu bila hata nukta. Chini kabisa alikuwa amezungushia wino mwekundu mahali ambapo orodha ya vitu ilikutana na bei: chupa za maji 2 jumla dola 2,150.

"Mwanangu, huyu mtu ananiuliza ni chupa gani hizo."

Nilitamani ardhi inimeze. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilitaka nembo ya kampuni ionekane juu, kwa hiyo kwenye vichwa vya barua, ile mistari ya mwanzo inayoeleza barua ni ya aina gani, niliandika Content-Type: text/html. Sasa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, haijali mstari mpya uliouandika kwenye skripti. Kwake \n ni nafasi tupu kama nafasi nyingine. Inataka alama yake ya br, yaani kata mstari, au uzifunge aya zako kwa alama ya p. Barua ingekuwa text/plain, yaani maandishi matupu, \n zangu zingefanya kazi. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, jua unatuma barua ya aina gani.

Mimi sikujua. Niliingia kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi nikaanza kubahatisha. Mahali fulani nilisoma kwamba barua pepe inataka \r\n, siyo \n peke yake. Ni kweli. Asili yake ni zile mashine za kuchapia za zamani. Kama umewahi kumwona mzee wa taipu akikuandikia barua ya maombi, unakumbuka mkono wake: mstari ukiisha, anarudisha kile chuma mwanzo, na karatasi inapanda hatua moja. Ni mambo mawili, kurudi na kushuka. Kompyuta zikayapa alama mbili, \r namba 13 na \n namba 10. Linux inatumia ya pili peke yake, Windows inatumia zote mbili, na kanuni za barua pepe, tangu RFC 822 ya mwaka 1982, zinadai zote mbili.

Nikabadilisha kila mahali. Ila nikaziweka ndani ya alama za nukuu moja, '\r\n', na PHP ikiona nukuu moja haitafsiri alama hizo; inakuandikia herufi zilezile kama zilivyo. Nukuu zinatakiwa mbili, "\r\n". Mgeni aliyefuata akauliza kwa adabu kama rn ni kambi.

Mama hakupiga simu safari hiyo. Alinitumia swali la mgeni bila salamu.

Usiku ule nikashika str_replace, amri ya PHP ya kubadilisha maneno, nikaondoa kila \n na kuweka br mahali pake. Nikajitumia, nikafungua kwenye simu, ratiba imesimama wima. Nikalala kama mfalme. Nilichokuwa nimefanya ni kuigeuza barua nzima kuwa mstari mmoja mrefu. Kanuni ya barua pepe, RFC 5322 ya mwaka 2008, inasema mstari wa barua usizidi herufi 998, na inashauri 78. Barua yangu ya majaribio ilikuwa fupi. Za wageni zilikuwa ndefu, na programu ya kutuma barua kwenye seva yetu, ile kompyuta inayobeba tovuti, ikikuta mstari uliopitiliza iliukata yenyewe na kubandika alama ya mshangao. Bei ikasomeka 2,1! 50. Jina la kambi likawa Barra! nco. Seva nyingine hata hazikati, zinaikataa barua yote.

Basi. Mama akampa kazi mtu mwingine. Aliniambia kwa upole, ndiyo maana iliuma zaidi. Laki moja iliyobaki sikuidai, na yeye hakuikumbusha.

Dawa ya yote hayo ilikuwa neno moja, amri ya PHP iitwayo nl2br. Inaongeza br bila kuondoa mstari wako mpya, kwa hiyo mistari inabaki mifupi. Au uifunge barua kwa base64, njia ya kuigeuza kuwa herufi za kawaida tu, na kuikata kwa amri ya chunk_split, vipande vya herufi 76. Au, kama una akili kuliko mimi wa wakati ule, tumia PHPMailer, programu iliyo tayari ya kutuma barua, uache kuunda vichwa kwa mkono. Vichwa vina hatari zake. Mstari mtupu ukiingia katikati yake, seva inahesabu kwamba vimekwisha, na vilivyobaki vinamwagika ndani ya barua. Na usiruhusu mstari mpya kupita kutoka kwenye kisanduku cha jina au cha mada kwenda kwenye vichwa. Mjanja mmoja atapachika Bcc yake, yaani orodha ya wapokeaji wa siri, na seva yako itaanza kutuma takataka za watu.

Vijana wenzangu, tunapenda mno kubahatisha. Barua imebanana, tunaongeza \n. Bado, tunaongeza \n mbili. Fungua barua mbichi! Kwenye Gmail ya kompyuta gusa vile vitone vitatu, chagua kuona barua asilia, usome kilichosafiri kweli. Angalia aina ya barua, angalia mistari inakatikia wapi, kama kuna \n iliyoandikwa waziwazi utaiona imekutolea macho. Halafu jitumie barua ndefu, ndefu kama ya mteja. Jitumie wewe kwanza, kwenye simu yako. Nimeshasema, nasema tena.

Yule wa Sakina nilimwomba barua mbichi, akaituma asubuhi. text/html, na mistari mipya thelathini na kitu imejipanga vizuri kabisa, hakuna hata br moja. Nikamwandikia nl2br, bila maelezo. Baada ya dakika kumi akarudisha picha ya kioo cha simu, orodha imesimama, na chini yake: "Kaka, unadai shilingi ngapi?"

Nimeandika namba, nikaifuta. Bado sijamjibu.